Injini iliyoupanda mlima wangu wa plaiwudi

Malindi hatuna reli, kwa hiyo nimejitengenezea yangu mezani. Ni ya kipimo cha HO: kila kitu ni sehemu moja ya 87 ya kile cha kweli, na upana wa njia ni milimita 16.5. Chumba chenyewe kidogo. Ili njia ya juu iivuke ya chini bila dohani kugonga daraja, ilibidi nipande sentimita 8 ndani ya mita 2. Hiyo ni asilimia 4, mlima ambao hata njia kuu za kweli huukwepa.

Injini ya kwanza niliinunua kwa mzee wa Kitaliano aliyekuwa akifunga nyumba arudi kwao. Ni ya aina ya Pacific, magurudumu mekundu, imepambika kama bibi harusi. Kwenye tambarare ilivuta mabehewa manne kama haina mzigo. Ilipofika katikati ya mlima ikasimama, magurudumu yanazunguka papo hapo, na mota ikaanza kutoa harufu ya kuungua.

Nikadhani mota ni mbovu. Kumbe kosa lilikuwa kwenye uzito. Pacific ina magurudumu 12, lakini yanayovuta ni sita tu. Mengine yanafuata msafara. Nilichomeka kipande cha karatasi chini ya kila gurudumu la kuvuta. Chini ya lile la mbele karatasi ilitoka bila kukwama: springi ya bogi (kile kigari cha magurudumu madogo ya mbele) ilikuwa ikiinyanyua injini. Nikailegeza springi, kisha nikaomba chubwi mbili kwa mvuvi, nikazigonga zikawa bapa na kuzisokomeza ndani ya boila. (Chubwi ni madini ya risasi, ukimaliza nawa mikono.) Mlimani, kutoka behewa moja ikafika matatu. Nikaishia hapo, maana ukizidisha uzito mota ndiyo inayolipa.

Ndipo nikaagiza Shay kutoka Marekani, ya mtumba, ikaja ndani ya sanduku la nguo za jamaa yangu. Mtindo huu ni wa Ephraim Shay wa Michigan, aliyeupatia hataza mwaka 1881 kwa kazi ya kubeba magogo. Pistoni zimesimama wima ubavu mmoja, zinazungusha shafti ndefu, na gia ndogo zinapeleka nguvu kwa kila gurudumu. Hakuna gurudumu la bure. Niliifunga mabehewa sita, nikaisimamisha makusudi katikati ya mlima, nikaiwasha tena. Ikaondoka.

Sasa lawama. Mwendo wake ni wa punda aliyebeba matofali. Inalia kama cherehani, na gia zake zinataka grisi na ziogopewe mchanga. Na ukiifunga mabehewa ya abiria, inachekesha. Umbo lake ni la msituni. Ningependa Garratt, ile injini kubwa ya mvuke ya darasa la 59 iliyokuwa ikipanda kutoka Mombasa, yenye magurudumu 16 ya kuvuta, ila mfukoni hamna kitu.

Jambo moja la kwetu pwani: chumvi. Siku mbili tatu tu usipofuta reli kwa spiriti, injini inaanza kukwamakwama, nawe unaulaumu mlima.

Pacific sijaiuza. Inazunguka njia ya chini na mabehewa yake manne, chubwi tumboni.