Lenzi gani ununue kwanza, na programu gani ya kuhariria: mpangilio wangu

Sendoff ya binamu yangu ndiyo iliyonifungua macho kuhusu lenzi. Ukumbi ulikuwa Tabata, taa za zambarau, MC anawaita mashangazi mmoja mmoja waje kutunza, na mimi niko mbele na Canon ya mtumba na ile lenzi ya kuvuta iliyokuja nayo, 18-55 (ni milimita; namba ikipanda, vitu vinasogea karibu). Nilirudi nyumbani na picha mia nne na ushee. Zilizofaa kutumwa kwenye grupu la familia hazikufika thelathini. Shangazi mmoja alikuwa na mikono minne, kilemba cha bibi kimegeuka wingu la mvua. "Si ungetumia tu simu, mwanangu," mama mdogo akaniambia, na wala hakuwa anatania.

Wiki ile ile nikaanza kuulizia bei ya kamera mpya. Bahati nzuri hela haikutosha, maana kamera haikuwa na tatizo lolote. Lenzi ya 18-55 ukiivuta hadi mwisho, mlango wake wa mwanga haufunguki zaidi ya f/5.6. Namba ya f ikiwa ndogo, mlango ni mpana. Lenzi ya f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. Maana yake ukumbini ni hii: pale ambapo lenzi ya kwanza inailazimisha kamera ikae wazi 1/15 ya sekunde, ya pili inapiga kwa 1/125 na chenji inabaki. Mtu anayecheza, ndani ya 1/15 ya sekunde keshahama. Na usidanganywe na kizuia mtikisiko, kile kinachoandikwa IS au VR ubavuni mwa lenzi. Kinatuliza mkono wako wewe, hakimtulizi shangazi.

Mpangilio ufuatao ni kwa mpiga picha wa ridhaa mwenye DSLR (kamera ya kubadilisha lenzi, yenye kioo ndani) ya ngazi ya chini, yaani Canon za akina 1100D mpaka 250D, au Nikon za D3000 na D5000 na ndugu zao. Ndizo zilizojaa kwenye mitumba na ndizo wengi wetu tulizoanzia.

Ya kwanza: 50mm f/1.8 (wa Nikon, subirini kidogo)

Kwa wa Canon sina hata mjadala. Ilipotoka mwaka 2015, Canon EF 50mm f/1.8 STM (STM ni aina ya mota ya fokasi) ilitangazwa kwa dola 125, na mpaka leo sijui kitu kingine cha kamera kinachokurudishia thamani ya hela yako namna hiyo. Ina uzito wa gramu 160 hivi. Haivuti: ukitaka mtu awe mkubwa kwenye picha unamsogelea, ukitaka awe mdogo unarudi nyuma. Siku mbili tatu za mwanzo utaudhika, baadaye miguu inazoea.

Ila angalia usiuziwe ya zamani kwa bei ya mpya. Kabla ya STM kulikuwa na 50mm f/1.8 II, ya mwaka 1990, na bado inazunguka sana. Igeuze uone nyuma: STM ina shingo ya chuma, ile ya II shingo yake ni plastiki tupu. Ya II ikitafuta fokasi inalia kama mashine ya kunyolea, na ikianguka mara moja tu inaweza kuachana vipande viwili. Picha zake si mbaya. Bei yake tu ndiyo iwe ya mzee.

Kasoro ya 50mm ni chumba. Kamera hizi zina kihisi (kile kinachopokea picha) kidogo, kwa hiyo kwenye Canon 50mm inaona kama 80mm. Nilipoitwa kupiga familia ya watu saba kwenye sofa, sebule ya kawaida tu ya Mbagala, nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga kabati la vyombo, na bado mtoto wa mwisho alibaki nje ya picha. Nikaishia kupigia mlangoni, mguu mmoja kibarazani. Na jambo lingine: ukiwa karibu kwa f/1.8, jicho linakuwa kali na sikio linafifia. Wakiwa watu wawili, nenda f/2.8 au f/4, la sivyo mmoja wao atakuuliza kwa nini yeye haonekani vizuri.

Sasa wa Nikon. Nyinyi anzeni na AF-S DX 35mm f/1.8G. Mwanga ni ule ule, na kwenye kamera zenu inaona kama 52mm, kwa hiyo sebuleni mnatosha. Herufi za AF-S zishikeni kama namba ya siri. Kamera za D3000 na D5000 hazina mota ya fokasi ndani, ni lazima mota iwe kwenye lenzi, na AF-S maana yake ipo. Madukani kuna 50mm f/1.8D ya bei ya kuvutia sana. Ukiifunga kwenye D3200 itaingia vizuri tu, kisha utazungusha fokasi kwa mkono maisha yako yote. Muuzaji atakwambia "inakubali, bosi", na hasemi uongo: kuingia inaingia.

Ya pili: Canon EF-S 24mm f/2.8 STM

Hii ni bapa, unene wake haufiki hata sentimita 2.5, ukiifunga kamera inaonekana kama haina lenzi. Ndiyo maana naipenda kwa mitaani: wauza kahawa, watoto wanaocheza, Forodhani jioni. Watu hawashtuki kama wanavyoshtuka wakiona mdomo mrefu. Mwanga inaoingiza ni pungufu ya nusu ya ule wa f/1.8, kwa hiyo usiku wa ukumbi itakuhangaisha kidogo. Kama kazi yako kubwa ni familia na ndani ya nyumba, hata ukiifanya ya kwanza sitakukatalia.

Ya tatu: 17-50 f/2.8 ya Sigma au Tamron, ya mtumba

Hii ni ya mtu ambaye watu wameanza kumpigia simu. Inavuta, na f/2.8 inabaki f/2.8 hata ukiivuta mpaka mwisho, kwa hiyo mwanga ni mara nne ya 18-55 ikiwa imevutwa. Ni nzito, na za mtumba nyingi zimefanya kazi ngumu kwenye maharusi. Ijaribu kwenye kamera yako mwenyewe, sio ya dukani. Hizi kampuni zinatengeneza lenzi moja kwa kamera za aina tofauti, na kuna siku utakabidhiwa ya Nikon wakati una Canon.

Ya nne: 55-250 ya kuvuta mbali

Mpira wa mtaani, ndege, safari ya Mikumi. Mchana. Kwa Canon tafuta EF-S 55-250mm IS STM. Ile 75-300 inayouzwa kwa kifurushi pamoja na kamera, isiyo na IS, mimi nisingeichukua hata ikipunguzwa nusu. Kwa 300mm bila kizuia mtikisiko, pumzi yako tu inaonekana kwenye picha.

Ya tano: 10-18 ya kupanua

Nzuri kwa majengo, Mji Mkongwe, vyumba vya kupangisha. Kwa watu, yule wa pembeni kabisa atatoka na kichwa kama papai. Ije mwisho. Na vile vioo vya kubandika mbele ya lenzi vinavyodai kupanua picha, viache hapo hapo mezani.

Wenye kamera zisizo na kioo ndani (mirrorless): Canon R50 na R10 wana RF 50mm f/1.8, au wanunue adapta ya EF kwenda RF na watumie lenzi hizi hizi za zamani, fokasi inafanya kazi kama kawaida. Wa Sony zenye kihisi kidogo wakatafute Sigma 30mm f/1.4, wasahau mengine.

Kuikagua ya mtumba

Pwani ina adui anayeitwa fangasi. Joto na unyevu wa Dar, Tanga, Mombasa na Unguja vinaiotesha ndani ya kioo, hasa lenzi ikikaa mkobani miezi bila kutumika. Kwa macho ya kawaida huioni. Nilipokuwa natafuta 50mm ya pili Kariakoo, niliwasha tochi ya simu nikaimulika kutokea nyuma huku nikitazama mbele, nikiiinamisha taratibu. Pembeni ya kioo cha ndani pakatokea nyuzi nyeupe, nyembamba, zimetawanyika kama utando wa buibui mchanga. Muuzaji akasema ni vumbi. Vumbi ni nukta nukta, halina matawi. Nikamshukuru, nikaondoka.

Vumbi kidogo halina neno, mkwaruzo mdogo wa mbele nao halikadhalika. Fangasi ikienea inakula hata rangi ya kinga ya kioo. Baada ya tochi, zungusha pete ya fokasi usikie kama kuna mchanga, kisha piga picha moja ya ukuta kwa f/1.8 na nyingine kwa f/11. Kamera ikitoa "Err 01" kwenye ile ya f/11 tu, majani ya mlango wa mwanga yamekwama au waya wake umechoka. Ukishanunua, ifungie kwenye kopo la plastiki lenye kifuniko kinachobana, pamoja na vile vipakiti vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu.

Programu: anza na ile uliyokwishailipia

Wengi hawajui kwamba kampuni ya kamera yao inatoa programu bure. Canon wana Digital Photo Professional, Nikon wana NX Studio. Zinafungua faili za RAW (picha ghafi, kabla kamera haijazichakata) za kamera hizo na rangi zake zinatoka kama ulivyoziona kwenye kioo cha nyuma. Ni za polepole na sura yake ni ya kiofisi. Kwa miezi sita ya kwanza zinatosha kabisa, ndiyo maana naziweka namba moja.

Namba mbili, Lightroom ya Adobe. Mimi ndiyo ninayotumia sasa, kwa sababu nikirudi na picha mia nne nahitaji kusahihisha moja na kuzimwagia nyingine masahihisho yale yale. Mambo matatu kabla hujatoa kadi. Kile kifurushi cha dola 9.99 kwa mwezi tulichozoea kilifungwa kwa wateja wapya Januari 2025, kwa hiyo ushauri mwingi wa zamani umepitwa. Pili, bei ya mwezi mara nyingi ni mkataba wa mwaka unaolipwa kidogo kidogo. Ukiuvunja baada ya siku 14 unatozwa nusu ya kilichobaki. Tatu, chukua ile inayoitwa Classic, inayoacha picha kwenye kompyuta yako. Hii nyingine kwa kawaida inapandisha mtandaoni picha unazoingiza, na picha mia nne za RAW za megapikseli 24 zinafika GB 10. Bando lako halitasalimika.

Namba tatu, Darktable. Bure, haina mkataba, uwezo mkubwa. Siku ya kwanza utadhani umefungua chumba cha rubani. Mwenye subira aichukue.

Kwenye simu, Snapseed. Bure, nyepesi, na ukipiga DNG (aina ya RAW) inaifungua.

Ile ya kukrakiwa na fundi sijaipa namba. Niliwahi kuwekewa. Ilifanya kazi wiki tano, kisha asubuhi moja kila picha kwenye laptopu ikawa na jina lenye mkia wa herufi nisizozijua, na barua ya kudai dola. Picha za arobaini ya babu zilikuwa humo.

Programu yoyote utakayochukua, ipime kwa picha moja: mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe au shela. Kamera ikiona nyeupe nyingi inatia giza, na uso unazama. Usipandishe mwanga wa picha nzima, kanzu itaungua. Chagua uso peke yake, uinue kidogo, kisha nenda kwenye rangi ya chungwa, ambamo ngozi zetu nyingi zinakaa. Ukiipandisha sana mwanga shavu linakuwa la majivu, na ndicho kinachofanywa na zile preseti (masahihisho yaliyopangwa tayari) zinazouzwa mtandaoni, nyingi zilipimwa kwa ngozi za watu wengine. Mimi hupandisha kidogo tu, halafu naipunguza ile ya njano. Programu isiyokuruhusu kugusa rangi moja moja, iache.

GIMP na Affinity, zote bure, nimeziweka nyuma kwa sababu ni za upasuaji, sio za kazi ya kila siku. Affinity ilikuwa ya kulipia mpaka Canva, walioinunua 2024, walipoiachia bure mwishoni mwa 2025. Naifungua labda mara mbili kwa mwezi, nikitakiwa kumwondoa mtu aliyepita na sahani ya pilau nyuma ya maharusi wakati wa kukata keki.