Tawi la benki Morogoro: madirisha matatu ya fedha, meza moja ya matatizo

Mwezi uliopita nilimsindikiza mama yangu hadi tawi la benki moja katikati ya mji wa Morogoro kufuatilia akaunti ya marehemu baba, na siku ile ilinionyesha waziwazi ni kazi gani bado zinahitaji tawi.

Tulifika saa 3 asubuhi. Madirisha yote matatu ya kuweka na kutoa fedha yalikuwa na makarani, lakini wateja hawakuzidi wanne. Tangu M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, na hasa baada ya Benki Kuu kutoa mwongozo wa uwakala wa benki mwaka 2013, mwenye duka kule Kihonda hana sababu ya kupanda daladala kuleta mauzo yake mjini, kwa kuwa wakala yuko jirani naye na hufunga usiku.

Foleni ilikuwa kwenye meza ya huduma kwa wateja, yenye ofisa mmoja tu. Watu 11 walitutangulia, wakiwamo mstaafu ambaye alama zake za vidole hazikusomeka kwenye mashine, kijana aliyetuma fedha kwenye akaunti isiyohusika, na mama mmoja ambaye akaunti yake ilikuwa imefungwa bila yeye kujua sababu. Wengi wao walikuwa wamekwisha kupiga simu, wakaambiwa wafike tawini. Zamu yetu ilifika saa 6 na nusu, na karibu muda wote huo mama, mwenye umri wa miaka 71 na maumivu ya mgongo, alikuwa ameketi kwenye benchi lisilo na egemeo. Jambo hilo liliniumiza sana.

Ofisa mwenyewe anastahili sifa zote. Alimwamkia mama na kumpa pole ya msiba kabla ya kugusa karatasi yoyote, akakagua cheti cha kifo na barua ya Mahakama ya Mwanzo inayomteua kuwa msimamizi wa mirathi, kisha akamweleza taratibu kwa nini kadi ya marehemu haipaswi kutumika hata kama namba ya siri inajulikana nyumbani. (Familia nyingi hufanya hivyo kwa nia njema, na baadaye warithi hushitakiana.) Alitumia dakika 40 pamoja nasi, na mama alitoka akiwa ameelewa kila alichotia saini.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaodai kwamba simu imeyamaliza matawi. Ninachokilaumu ni mpangilio: laiti meneja angewahamishia makarani wawili wa fedha kwenye meza ile, baada ya kuwafundisha masuala ya mirathi na ya akaunti zilizofungwa, tungeondoka kabla ya saa 5.

Anayekwenda kwa shughuli ya mirathi abebe nyaraka halisi pamoja na nakala zake, na amwombee mzee wake kiti mapema, kwani mlinzi alituletea kimoja mara tu tulipomwomba.