"Amesema nini?": mwaka wa kumtafsiria mjomba sizoni za Kimarekani

Mjomba alifanyiwa operesheni ya goti mwaka jana, daktari akamkataza kushuka ngazi ovyo. Ndivyo nilivyopata kazi ambayo sikuiomba. Kila usiku baada ya isha nakaa kwenye mkeka kando ya kochi lake, natafsiri. Kiingereza cha mjomba ni cha bandarini. Kwa miaka 29 alikuwa karani wa kuhesabu mizigo gatini, kwa hiyo neno lolote lililowahi kuandikwa ubavuni mwa kontena analijua. Mengine yote ananiuliza: "Mjomba, amesema nini?" (Mimi namwita mjomba, naye ananiita mjomba. Wa Dar watanielewa.)

Mtu atasema, si mngechukua zile zilizotafsiriwa na madijei? Tulijaribu. Watu wawili kwenye skrini wamezungumza kwa sekunde tano, dijei anaongea nusu dakika na kumsalimia shemeji yake humo humo. "Huyu anatia chumvi," mjomba akasema, "nataka alichosema yule." Basi ikawa mimi.

Hapo ndipo nilipopata kipimo changu cha uandishi, na sitaki kingine. Ukiangalia peke yako unaweza kudanganywa na muziki, magari na sura nzuri. Ukitafsiri kwa mdomo, unabaki na maneno matupu, na haichukui wiki kujua nani alikaa akaandika na nani alijaza nafasi. Nitakayoyasema yanaharibu miisho ya sizoni kadhaa, kwa hiyo ambaye bado ana mpango nazo aishie hapa.

Tulianza na Prison Break, kwa sababu mtaani kwetu kila mtu wa rika langu ana kumbukumbu nayo. Msimu wa kwanza, ule wa 2005, umeandikwa vizuri na sitabishana na mtu. Mtu anajichora ramani ya jela mwilini, anavamia benki makusudi ili afungwe, amtoe kaka yake anayesubiri kuuawa. Kila kitu kina sababu yake. Shida ni kwamba waliahidi kutoroka, wakatoroka, halafu sizoni ikaendelea. Kuanzia pale nilitafsiri kwa sentensi tatu tu: "Wanamtafuta." "Amemsaliti." "Kumbe hajafa." Mjomba akaacha kuuliza. Mtu anapoacha kuuliza amesema nini, ujue waandishi wameishiwa.

Ndipo nikamletea The Wire. Kijana anayejaza flashi pale stendi alinionya kwamba haiendi, watu humrudishia. Nikamwambia aweke zote, epsodi 60, misimu mitano, ya HBO, 2002 hadi 2008.

Swali la kwanza la mjomba halikuwa amesema nini. Lilikuwa: "Stelingi ni yupi?" Nikamwambia ni huyu mpelelezi mlevi, McNulty. Epsodi ya tatu akauliza tena, maana McNulty alikuwa amepotea robo saa nzima na tulikuwa na wauza unga. Nikasema labda ni D'Angelo. Epsodi ya sita nikakiri kwamba sijui. Stelingi hayupo. Mji wenyewe, Baltimore, ndio unaosimuliwa, na watu wanaingia na kutoka kama abiria wa daladala. Mjomba alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza, yule mtoto Wallace amekula?

Kuna sababu ya mambo haya kukaa hivyo. Walioianzisha hawakutoka shule ya filamu. David Simon alikuwa mwandishi wa habari za polisi katika gazeti la Baltimore Sun. Mwenzake Ed Burns alikuwa mpelelezi wa polisi wa mji huohuo, akaacha, akaenda kufundisha shule ya serikali. Kwa hiyo msimu wa nne, askari mmoja anapoacha kazi na kuingia darasani kufundisha hesabu akiwa hajui hata pa kuanzia, aliyeandika anajua harufu ya hilo darasa. Waliwaita pia watunzi wa riwaya za uhalifu, George Pelecanos, Richard Price na Dennis Lehane. Nadhani hao ndio walioleta uvumilivu ule wa kitabu, wa kuacha jambo lilale kurasa mia kabla ya kuliamsha.

Mfano wake ni huu. Msimu wa kwanza, epsodi ya tatu, vijana wawili, Bodie na Wallace, wamekaa uani kwenye kochi kuukuu wanacheza drafti kwa kete za chesi. Mjomba akacheka sana, maana yeye hucheza drafti kwa vizibo vya soda. D'Angelo anakuja, anashangaa, anawafundisha chesi: mfalme anabaki mfalme, na hizi kete ndogo za mbele huliwa mapema. Bodie anashikilia kwamba kete ndogo ikiwa janja inaweza kufika upande wa pili. Nilitafsiri, tukapita. Ilionekana kama dakika chache za kupumzikia.

Epsodi ya 50, mwisho wa msimu wa nne. Bodie amekua, ameuza unga miaka yote hiyo bila kuiba wala kusaliti, na mabosi wamewaua wenzake. Amekaa kwenye bustani na McNulty, anakula, na katikati ya hasira anajifananisha na zile kete ndogo. Mjomba akainua mkono nisitafsiri. "Drafti," akasema. Alikuwa amekumbuka. Wamarekani walioiona kwenye televisheni walisubiri kutoka Juni 2002 hadi Desemba 2006 kupata sentensi ile. Sisi tulisubiri kama miezi miwili, na bado ilituingia. Usiku wa siku ileile kijana anauawa kwenye kona yake. Tukazima, hatukuangalia nyingine.

Sasa niwaambie aibu yangu. Epsodi ya nne ya msimu wa kwanza kuna tukio ambalo wapenzi wa uandishi wanalitaja kila siku. McNulty na mwenzake Bunk wanaingia jikoni ambako msichana alipigwa risasi miezi kadhaa nyuma. Wanakagua upya, dakika kama nne hivi, na muda wote huo wanasema neno moja tu la tusi, kwa kila namna ya sauti: la kushangaa, la kuuliza, la kujilaumu, la kukubali. Mimi nimekaa chini ya miguu ya mjomba wangu, kaka wa mama yangu. Neno lile mbele yake halinitoki hata kwa bunduki.

"Amesema nini?"

"Anashangaa, mjomba."

"Na huyu?"

"Naye anashangaa."

Nikanyamaza. Bunk anapanga picha za maiti sakafuni. McNulty anapima kwa futi, anajikunja, anageukia dirishani. Wanaikuta risasi kwenye mlango wa friji. Wanatoka nje, wanaokota ganda. Mjomba akasogea mbele kwenye kochi: "Alipigwa kutoka nje. Muuaji alikuwa uani, yule binti akaja dirishani." Nikamwangalia. Hakuna aliyemwambia. Hakuna aliyeweza kumwambia, kwa sababu mtafsiri wake alikuwa ameinamisha kichwa kwa haya. Hadi leo sijui kama alilielewa lile neno. Amefanya kazi bandarini miaka 29, nadhani alilielewa vizuri kuliko mimi.

Msimu wa pili ndio uliompata kabisa. Mashabiki wengi wanaulalamikia kwamba unatuacha na wazungu wa gatini wakati tumeshazoea vijana wa kona. Kwa mjomba ilikuwa kama wamekuja kupiga picha ofisini kwake. Afisa wa polisi wa bandari, Beadie Russell, anapita kati ya makontena. Kabla hajasimama mjomba keshaona: "Sili! Sili imekatwa!" Ile ya kufungia mlango wa kontena. Ndani kulikuwa na wanawake 13, wamekufa.

Baada ya pale majukumu yaligeuka. Mimi ndiye niliyekuwa nauliza, yeye anaeleza. Kwa nini kontena linaweza kupotea kwenye kompyuta huku bado limesimama pale pale juani. Kwa nini karani akikubali kutokuona, meneja na winchi lake hawana la kufanya. Kwa nini Frank Sobotka, mweka hazina wa chama chao, anachukua hela chafu na hanunui hata shati, zote zinaenda kwa wanasiasa ili mfereji uchimbwe kina na meli zirudi. "Huyu si mwizi," mjomba akasema, "huyu anatafuta kazi za watoto wa wenzake." Akakaa kimya kidogo. "Lakini ni mwizi." Niliwahi kusoma uchambuzi mrefu wa msimu ule kwa Kiingereza na haukufika hapo.

Sio kwamba haina kasoro. Epsodi nne za mwanzo ni nzito kama kupanda Kitonga na lori la saruji. Lugha ya kona za Baltimore ilinishinda mara nyingi, nikawa narudisha nyuma mara tatu huku mjomba anavuta pumzi. Maandishi ya chini kwenye flashi yetu yalikuwa yanachelewa sekunde mbili, hiyo ni juu ya kijana wa stendi. Msimu wa tano una epsodi 10 tu na umekimbia: kuna mpelelezi anayebuni muuaji ambaye hayupo, na mwandishi wa habari mwongo ambaye ni mwongo na basi, hana upande mwingine. Watu waliowapa wauza unga roho tatu tatu walishindwa kumpa mwanahabari hata moja na nusu. Nahisi Simon alikuwa bado ana kinyongo na kazi yake ya zamani.

Na Emmy, zile tuzo za televisheni za Marekani? The Wire haikupata hata moja. Waliteuliwa mara mbili, zote kwa uandishi, wakarudi mikono mitupu.

Breaking Bad niipitie haraka kwa sababu wengi mmeiona. Mjomba aliipenda kuliko mimi. Alipomwona mwalimu wa kemia anaosha magari jioni ili kujazia mshahara, akapiga paja: "Kumbe mwalimu ni mwalimu kila mahali!" Uandishi wake ni wa aina nyingine, wa jambo moja kuzaa jingine, hadi unaweza kuzima sauti na bado ukafuata. Cha ajabu, wenyewe walikiri kwamba mwanzoni mwa msimu wa mwisho walimpa Walter, yule mwalimu, bunduki kubwa kwenye buti la gari kabla hawajajua ataitumia kwa nani. Walijifunga kamba wenyewe, kisha wakatafuta namna ya kujifungua. Prison Break nao walijifunga hivyo hivyo. Tofauti ni nani aliyejifungua.

Mwaka 2013 chama cha waandishi wa filamu na televisheni cha Marekani kilitoa orodha ya sizoni 101 zilizoandikwa vizuri zaidi. The Wire ilikuwa ya tisa, Breaking Bad ya 13. Ya pili ilikuwa Seinfeld, vichekesho, nikasema hebu tuone. Nilichagua epsodi ya 1991 ambayo watu wanasubiri meza kwenye mgahawa wa Kichina tangu mwanzo hadi mwisho, hakuna kingine kinachotokea.

"Amesema nini?"

"Anasema hawajapata meza."

"Na sasa?"

"Bado."

Dakika 20 hivyo, mjomba hajatabasamu. Mzaha wa maneno ukitoka kwenye Kiingereza ulikufa mikononi mwangu. Mwishowe wanakata tamaa, wanatoka, na mlango haujatulia, jina lao linaitwa. Mjomba alicheka hadi akashika goti.

Ya kwanza kwenye orodha ile ni The Sopranos, epsodi 86, 1999 hadi 2007, ya David Chase. Hiyo tumeimaliza mwezi uliopita. Jambazi wa New Jersey anayekwenda kwa daktari wa akili kwa sababu bata waliokuwa kwenye bwawa lake la kuogelea wameruka wakaondoka. "Analilia bata?" Nikasema ndiyo, lakini nadhani si bata. Kwa wiki tatu za kwanza mjomba aliniuliza kila siku analilia nini hasa, na kila siku nilimjibu tofauti. Nikipima kwa kipimo changu, labda orodha ile iko sahihi na mimi ndiye nimelewa bandari.

Epsodi ya mwisho: Tony, yule jambazi, kakaa mgahawani na mke na mwana, sahani ya vitunguu vya kukaanga mezani, binti yao yuko nje anahangaika kuegesha gari. Mlango unafunguliwa, Tony anainua macho, skrini ikawa nyeusi. Kimya. Feni ya dari inazunguka, kwa hiyo umeme upo. Huko Marekani siku ile walidhani king'amuzi kimekatika. Mjomba alinigeukia.

"Kesho rudi stendi kwa yule kijana. Mwambie ameweka pungufu, akurudishie hela."

Nilimwambia ndivyo ilivyoandikwa. Kesho yake asubuhi nilikuta flashi imewekwa juu ya viatu vyangu, mlangoni.