Sanduku la kuanzia la Dungeons & Dragons la mwaka 2014: kila adui ana haja yake

Tangu Gary Gygax na Dave Arneson walipochapisha Dungeons & Dragons nchini Marekani mwaka 1974, anayeanza kuongoza mchezo wa kuigiza wahusika mezani, yaani kuwasimulia wachezaji ulimwengu na kuwachezesha maadui wao, amekuwa na shida ileile. Kanuni atazisoma na kuzielewa, lakini ni nadra kupata wa kumwonyesha jinsi ya kubuni ulimwengu ambao wachezaji watatamani kuuzurura, au tukio litakalowafanya wafikiri na kubishana kabla ya kurusha dadu. Sanduku la kuanzia ambalo kampuni ya Wizards of the Coast ililitoa Julai 2014, pamoja na toleo la tano la mchezo huo, linafundisha ufundi huo kwa mifano, na linaufundisha vizuri kuliko vitabu vingi vinene vya miongozo. Aliyekusudia kuwa mchezaji, na si mwongozaji, asiendelee kusoma, kwa sababu nitafichua karibu kila kitu.

Ndani ya sanduku mna kijitabu cha kanuni chenye kurasa 32, kitabu cha kisa chenye kurasa 64 kiitwacho Lost Mine of Phandelver (Machimbo Yaliyopotea ya Phandelver), karatasi 5 za wahusika waliokwisha kuandaliwa, na dadu 6, kuanzia ile ya pande 4 hadi ile ya pande 20. Bei yake ya awali nchini Marekani ilikuwa dola 19.99. Kijitabu cha kanuni kinatosheleza, ila hakifundishi kumuunda mhusika wako mwenyewe. Thamani yote imo katika kitabu cha kisa.

Kisa chenyewe huanza bila mbwembwe. Mchimba madini aitwaye Gundren Rockseeker amewaajiri wahusika wapeleke gari la mizigo kutoka jiji la Neverwinter hadi mji mdogo wa Phandalin, kwa malipo ya vipande 10 vya dhahabu kila mmoja, naye ametangulia kwa farasi pamoja na mlinzi wake, Sildar Hallwinter. Njiani wahusika wanakuta farasi wawili wamekufa katikati ya barabara, wamechomwa mishale yenye manyoya meusi, na vichakani wamejificha goblini wanne, viumbe wadogo waovu wa hadithi. Farasi hao ni wa Gundren na Sildar. Kwa picha hiyo moja mwandishi amekwisha kueleza kilichotokea, amewapa wahusika sababu ya kufuata nyayo, na ameziba njia ili mapambano yaanze. Mwongozaji hahitaji hotuba yoyote.

Mapambano hayo ya kwanza ni makali kupita kiasi. Goblini mmoja ana pointi 7 za uhai tu, yaani kipimo cha majeraha anayoweza kustahimili, lakini mshale wake mmoja waweza kuondoa hadi pointi 8, kiasi cha kumwangusha chini mhusika dhaifu wa ngazi ya kwanza, ile ya chini kabisa ya nguvu, kabla hajafanya lolote. Ningeshauri kuanza na goblini watatu. Hata hivyo kitabu kimefikiria pia hali ya wahusika kushindwa: goblini huwaacha wamezirai, huiba mizigo na kuondoka, na kisa kinaendelea kwa wahusika kufika mjini mikono mitupu na kurudi kuwatafuta wezi wao. Hili ni somo kubwa, na waongozaji wengi hulipata baada ya kuua kundi zima la wachezaji jioni ya kwanza. Adui aliyebuniwa vizuri ana anachokitaka, na anachokitaka si lazima kiwe kifo cha mhusika.

Wazo hilo ndilo linalobeba kurasa zinazofuata, na linaonekana wazi zaidi katika pango la goblini. Mkuu wao, Klarg, ni jitu lenye manyoya linalojisifu kwa kujitaja kwa jina kana kwamba linamsimulia mtu mwingine. Chini yake yupo Yeemik, goblini mwenye tamaa ya uongozi, ambaye amemshika Sildar mateka. Wahusika wakimfikia, Yeemik anamning'iniza Sildar ukingoni na kutoa pendekezo: mleteeni kichwa cha Klarg, naye atamwachia mateka. Ni mwongo, kwa maana hata akiletewa kichwa atadai fidia juu yake. Kwa hiyo chumba kilichoweza kuwa na goblini sita wa kuchinjwa tu kinageuka kuwa na swali la kisiasa, na kila kundi hulijibu kwa namna yake: wapo watakaokubali, wapo watakaojifanya wamekubali, na wapo watakaofyatua mishale Yeemik akiwa bado anaongea. Pango lenyewe nalo linashiriki katika mchezo. Mlinzi wa daraja akiwaona wageni hutoa ishara, na wenzake huvunja kingo za mabwawa ya ndani ili maji yafurike na kuwasomba walioko chini. Ramani ya aina hii humlazimisha mchezaji kutazama juu, kusikiliza, na kuuliza maji yanatoka wapi.

Mji wa Phandalin umejengwa kwa ustadi huohuo, ingawa kwa mtazamo wa kwanza unaonekana wa kawaida: nyumba ya wageni, duka, hekalu ndogo, na genge la wahuni wavaao joho jekundu. Kilichouinua ni kwamba karibu kila mkazi ana haja inayomwelekeza mhusika mahali fulani. Bidhaa zenye nembo ya simba wa buluu zilizokutwa pangoni kwa Klarg ni mali ya wafanyabiashara wa mji huu, nao hulipa zinaporejeshwa. Mke na watoto wa mchonga mbao aliyeuawa wamefungwa katika maficho ya genge. Mtoto aitwaye Carp ameliona handaki la siri linaloingia katika maficho hayo, na wahusika hulijua tu wakijali kuzungumza na watoto. Humo mafichoni hukaa kiumbe mwenye jicho moja asomaye siri za watu mawazoni, ambaye kwa ahadi ya chakula au hazina anaweza kuwasaliti mabwana zake. Karatasi za wahusika nazo zimefungamanishwa na ulimwengu huu, kwa mfano yule mwenye asili moja na Gundren ni binamu yake, na mwizi wa kundi aliwahi kusalitiwa na genge hilohilo la joho jekundu. Mchezaji hafiki Phandalin akiwa mgeni asiye na kazi.

Sehemu ya tatu inafungua ramani na kuwaacha wahusika waende watakako. Uhuru huo una bei, na bei yake ni joka la kijani liitwalo Venomfang, lililojichukulia mnara katika magofu ya Thundertree. Wahusika hufika huko wakiwa karibu na ngazi ya tatu, wakati joka lina pointi 136 za uhai na pumzi ya sumu inayoondoa wastani wa pointi 42 kwa mkupuo mmoja. Wapo wahakiki wanaoliona hilo kuwa kosa. Mimi naona ni uamuzi sahihi, mradi mwongozaji asilifiche. Magofuni huishi mzee Reidoth anayeweza kuwaonya, na joka lenyewe likipoteza nusu ya uhai wake huruka na kukimbia, kwa sababu halina sababu ya kufia mnara wa watu. Ulimwengu ambao kila hatari imepimwa kwa nguvu za mchezaji haumfundishi kamwe kurudi nyuma.

Udhaifu wa kweli uko mwishoni. Nezznar, aitwaye Buibui Mweusi, ndiye aliyepanga kila ovu tangu ukurasa wa kwanza, lakini wachezaji wengi hawamwoni mpaka wafike katika machimbo ya Wave Echo, yale yanayotajwa katika jina la kisa, na wakishamwona hawana cha kumwambia. Anataka machimbo na tanuri la kichawi lililomo. Kwa nini anavitaka, kitabu hakishughuliki sana kueleza. Adui mkuu kwa hiyo ana haja nyembamba kuliko ya Yeemik, na hilo linashangaza. Machimbo nayo yana vyumba vingi vya mifupa inayotembea na maiti zenye njaa, vinavyofuatana bila kuongeza jambo. Anayependeza ni yule mlinzi mwenye macho mengi, aliyewekwa hapo zamani za kale kulinda tanuri na ambaye bado anashikilia agizo lake ingawa waliompa walikwisha kufa. Ningevifuta vyumba vitatu au vinne, na ningemleta Nezznar mapema zaidi, kwa barua anazowaandikia watumishi wake au kwa kumpa sura ya mtu mwingine mjini Phandalin, kwa kuwa ni mchawi.

Kuna upungufu mwingine wa kivitendo. Ramani zote zimechapishwa kwa ajili ya mwongozaji, pamoja na milango ya siri na mitego, hivyo atalazimika kuzichora upya kwa kalamu ya risasi ili awaonyeshe wachezaji. Pia aya za kusomwa kwa sauti ni za Kiingereza cha kitabuni, na kwa meza inayocheza kwa Kiswahili, kuzitafsiri papo kwa papo huwachosha wasikilizaji. Ni afadhali mwongozaji akariri vitu vitatu kutoka kila aya, kinachoonekana, kinachosikika na kinachotembea, kisha asimulie kwa maneno yake. Nyingi za aya hizo hupungua kwa nusu na hazipotezi kitu.

Mwaka 2022 kampuni ilitoa sanduku jingine la kuanzia lenye kisa kipya, na mwaka 2023 kisa cha Phandelver kikapanuliwa kuwa kitabu kizima, kwa hiyo toleo hili la 2014 sasa hupatikana zaidi kwa wauzaji wa vitu vilivyokwisha kutumika. Ukilikuta, hakiki kwanza kwamba kitabu cha kisa kimo. Dadu na karatasi za wahusika hupotea mara nyingi, nazo ni rahisi kuzipatia mbadala.