Uzoefu wangu na huduma ya kuhamisha kanda za rili kwenda dijitali

Kwa mwenye haraka: huduma niliyoitumia ni nzuri na nitairudia. Ina kasoro mbili, na zote mteja anaweza kuziepuka akitoa masharti yake mapema. Mashine zao ni nzuri, lakini kilichonifanya niwaamini ni maswali waliyoniuliza kabla hawajagusa hata kanda moja.

Kanda zenyewe ni za marehemu baba yangu. Alirekodi wazee wa ukoo wakisimulia maisha yao, mazoezi ya kwaya, na salamu za sauti alizotumiana na ndugu waliokuwa mbali. Ni kanda za sauti za robo inchi, yaani upana wa milimita 6.3, zilizozungushwa kwenye magurudumu ya wazi yaitwayo rili, nyingine kwenye rili za inchi 7 na nyingine kwenye rili ndogo za inchi 5. Zilikaa kabatini miaka mingi bila kuchezwa. Wapo walionishauri nitafute tepu rekoda ya mtumba nijaribu mwenyewe. Mimi sishauri mtu afanye hivyo. Mashine iliyolala muda mrefu bila matengenezo huweza kuvuta kanda kupita kiasi, kuikunja kingo au kuikata kabisa. Na kanda iliyochoka huenda ikakupa nafasi moja tu ya kuisikiliza.

Watoa huduma wengine niliowauliza walitaka kujua idadi ya kanda tu, kisha wakanitajia bei. Hawa walitaka picha: kasha mbele na nyuma, maandishi yote hata yale ya penseli, rili ikitazamwa kwa ubavu, na mgongo wa kanda. Wakauliza kama nikifungua kasha nasikia harufu ya siki. Wakaniomba niinue kila rili mbele ya taa nione kama mwanga unapenya kwenye mzingo wa kanda.

Swali la siki na swali la taa yanakwenda pamoja. Kanda nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asetati, ambayo hupitisha mwanga ukiitazama kwa ubavu. Asetati ikianza kuoza hutoa asidi, ndiyo hiyo harufu ya siki, na asidi hiyo huharakisha uozo wenyewe. Kanda husinyaa, hukakamaa na kupinda, isikae sawa kwenye hedi, yaani kichwa cha mashine kinachosoma sauti. Ikikatika, hukatika safi, kwa hiyo inaungika vizuri. Poliesta iliyokuja baadaye haipitishi mwanga hivyo, ni imara zaidi, lakini ikivutwa sana hurefuka kabla ya kukatika, na sehemu iliyorefuka ndiyo imeharibika moja kwa moja. Zangu zilikuwa mchanganyiko. Zenye harufu zilitengwa na nyingine siku hiyohiyo, zikapewa nafasi ya kwanza.

Kundi lililonitia hofu zaidi lilikuwa la kanda zinazoonekana mpya kuliko zote, zenye mgongo mweusi usiong'aa. Kanda nyingi za namna hiyo zilizotengenezwa miaka ya 1970 na 1980, zikiwemo aina maarufu za kampuni ya Ampex kama 456, zina gundi inayonyonya unyevu wa hewa. Gundi ikishalainika, kanda hunata kwenye hedi, hupiga kelele kama mlango usio na mafuta, na unga wa sumaku ulioshika sauti hubaki kwenye mashine badala ya kwenye kanda. Tiba yake inashangaza anayeisikia mara ya kwanza: kanda huokwa kwa joto la chini, kama nyuzi 54 za Selsiasi, kwa saa nane au zaidi kutegemea hali yake. Baada ya hapo huwa inachezeka kwa wiki kadhaa, kisha unyevu hurudi. Oveni ya jikoni haifai kabisa, kwa sababu joto lake hupanda na kushuka. Kanda ya asetati nayo haiokwi kamwe. Asiyejua kutofautisha hizo mbili asipewe kanda zako.

Waliniruhusu kukaa na fundi wakati wa kazi, na hapo ndipo nilipoelewa ninacholipia. Alisafisha hedi na njia nzima ya kanda kwa spiriti ya isopropili, akaondoa sumaku iliyobaki kwenye hedi, akaweka kanda ya kwanza. Mzee mmoja wa ukoo akaanza kuongea, na nyuma yake kukawa na sauti ya pili inayokwenda kinyumenyume. Mimi nilidhani kanda imeharibika. Fundi alitabasamu tu, akasimamisha mashine. Kanda ilikuwa imerekodiwa kwa njia nne, yaani mistari minne ya sauti iliyolala sambamba, mingine ya kwenda na mingine ya kurudi, na hedi ya njia mbili ilikuwa inasoma ya kwenda na ya kurudi kwa pamoja. Akaihamishia kwenye mashine ya njia nne, na yule mzee akabaki peke yake, akisema kila neno wazi. Upande ule uliokuwa ukisikika kinyume ulikuwa na mazungumzo mengine kabisa ambayo lebo ya kasha haikuyataja.

Kisha akavaa vifaa vya masikioni, akashika bisibisi ndogo na kugeuza skrubu ya hedi kidogo, kidogo mno, kulia, kushoto, kulia tena. Alikuwa anatafuta mkao ambao mwanya wa hedi unasimama wima sawasawa na ulivyosimama kwenye mashine iliyorekodi. Akanipa nisikilize. Sauti iliyokuwa kama inatoka chini ya blanketi ilifunguka. Herufi s na sh zikachomoza, nikasikia mtu akivuta pumzi kabla ya kujibu. Kazi hii hufanywa upya kwa kila kanda, maana mashine za nyumbani zilitofautiana. Pia haina marekebisho baadaye: sauti nyembamba ambazo hedi haikuzisoma, hakuna programu ya kompyuta itakayozirudisha. Ningekuwa na swali moja tu la kumuuliza fundi, lingekuwa hili: je, unarekebisha hedi kwa kila kanda?

Kasi nayo ilibadilika ndani ya rili hiyohiyo. Baba alianza kwa sentimita 19 kwa sekunde, kanda ilipokaribia kuisha akashusha hadi 9.5 ili mazoezi ya kwaya yatoshe. Asiyesikiliza hadi mwisho angenikabidhi kwaya inayoimba mbio kama watoto.

Sasa kasoro. Faili za awamu ya kwanza zilikuja zimeshasafishwa. Mvumo umeondolewa, na pamoja nao umeondoka mwangwi wa chumba na nusu ya minong'ono ya watu waliokuwa wakisikiliza. Nililalamika. Hawakubishana, wakanipa faili ghafi kwa kuwa walikuwa wamezihifadhi, lakini sikupaswa kulazimika kuziomba. Faili ghafi ndiyo nakala ya kuhifadhi. Usafishaji ufanywe kwenye nakala nyingine. Programu za kupunguza kelele zinaboreka kila mwaka, na aliyebaki na sauti iliyokwanguliwa leo hataweza kufaidika nazo kesho.

Kasoro ya pili ni majina ya faili. Nilipokea namba tupu. Ilinibidi nifungue moja moja na kulinganisha na makasha, kazi ambayo kwa fundi aliyeishika rili mkononi ingekuwa ya dakika chache. Awamu iliyofuata nilibandika namba kwenye kila kasha na kila rili, nikataka namba hiyo ianze kwenye jina la faili, pamoja na upande na kasi. Nikataka pia picha za makasha ziwekwe kwenye folda hiyohiyo. Walifanya bila manung'uniko.

Ubora wa faili sina neno nao. Ni WAV, yaani faili za sauti zisizobanwa, za kHz 96 kwa biti 24, kiwango ambacho IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti, inakipendekeza kwa kazi hii, huku kHz 48 kwa biti 24 ikiwa ndiyo ya chini kabisa. Jiandae kwa nafasi: saa moja ya stereo ni takriban gigabaiti 2. Nilipewa pia MP3 za kusambazia ndugu. WAV nimeziweka kwenye diski mbili tofauti na nakala ya tatu mbali na nyumbani.

Kuhusu muda, ni kazi ya taratibu na haina njia ya mkato. Rili ya inchi 7 yenye futi 1800 inakwenda dakika 48 hivi kwa kasi ya sentimita 19 kwa upande mmoja, nje ya maandalizi. Lakini kuahirisha nako kuna gharama. Mwaka 2019, UNESCO na IASA walitoa tahadhari kwamba ifikapo mwaka 2025 hivi kucheza kanda za sumaku kungekuwa kugumu mno, kwa sababu mashine na vipuri vinakwisha. Mafundi nao wanastaafu.

Kanda asilia nilirudishiwa zikiwa zimezungushwa polepole kwa kasi ya kucheza, mwisho ukiwa nje. Hilo hupunguza usumbufu wa sauti kujinakili kwenye mzingo wa jirani, ule mwangwi hafifu unaotangulia neno. Nimezisimamisha wima kama vitabu, mahali pakavu na penye ubaridi, na sitazitupa.

Zilizobaki zinakwenda kwa fundi yuleyule. Safari hii karatasi ya makubaliano inaanza na mstari huu: faili ghafi kwanza, isiyoguswa, yenye jina.