Sanduku la mchanga la tiba ya watoto kwa njia ya kucheza: zuri, ila vijisanamu havijakamilika

Mimi ni mshauri nasaha wa watoto, na seti hii ya sanduku la mchanga na vijisanamu vya kuchezea naitumia kazini karibu kila siku. Sanduku ni la mbao, sentimita 72 kwa 50, ndani limepakwa rangi ya buluu ili mtoto akichimba mchanga aone maji. Hapo wamepatia kabisa. Mbinu hii ilianzishwa London mwaka 1929 na daktari Margaret Lowenfeld: mtoto anajenga dunia yake, mtu mzima anatulia na kutazama.

Juzi binti mmoja asiyependa kuongea alifukia nyumba nzima, akaacha mlango tu. Sikumuuliza kitu. Nilikaa karibu naye, akaanza kusimulia mwenyewe.

Kasoro ipo kwenye vijisanamu. Kuna kasri na wapanda farasi, lakini hakuna bibi aliyejifunga khanga, bodaboda wala jiko la mkaa. Mtoto wa Temeke atajengaje kwao? Ilibidi nimwendee mfinyanzi anitengenezee. Kwa bei ile, muuzaji alipaswa kulifikiria hilo.

Wazazi, msihangaike kununua seti nzima. Beseni pana, mchanga mkavu uliochekechwa na vitu vidogo vidogo vya nyumbani vinatosha kuanzia.