Nyota moja, na hiyo moja si yao: wakala aliyempeleka binti yangu kusomea udaktari

Kwenye kioo cha ofisi yao, hapa hapa mjini Mombasa, wamebandika maandishi ya rangi ya dhahabu: "Digrii za Udaktari Zinazotambulika na WHO, Dunia Nzima." Yapo hadi leo. Juzi nilipita nikitoka Marikiti, nikayakuta yamepanguswa vumbi yanang'aa. WHO, yaani Shirika la Afya Duniani, haitambui chuo chochote cha udaktari, haina mamlaka hayo. Kuanzia 1953 walikuwa wakichapisha orodha ya vyuo vya udaktari vya dunia, na orodha ni orodha tu. Hata hiyo imeshatoka mikononi mwao. Tangu 2014 inayotumika ni World Directory of Medical Schools, orodha ya WFME, shirikisho la dunia la elimu ya udaktari, na FAIMER, taasisi ya Marekani ya elimu hiyo hiyo, na wenyewe wameandika waziwazi kwamba chuo kuwemo humo si ithibati. Maana yake ni kwamba chuo kipo. Kisipokuwemo, kimbia, kikiwemo, ndiyo kwanza umeanza kuuliza maswali.

Lakini hasira yangu haikuanzia kwenye kioo. Kioo nimekivumilia miaka. Hasira yangu ni ya barua pepe.

Habari za karo, hosteli na tiketi sitaziandika. Waulizeni wenyewe, wanazieleza vizuri kuliko wanavyozitimiza. Nataka mjue jambo moja ambalo hakuna aliyenitajia wakati natoa pesa. Walipomwombea binti nafasi chuoni, kule China, walimfungulia akaunti kwenye mfumo wa chuo. Jina lake, picha yake, pasipoti yake. Barua pepe ikawa ya kwao, imeundwa kwa jina la binti na jina la kampuni limefuatia. Namba ya simu nayo ya ofisi yao. Miaka yote ya masomo hatukuona tatizo, kwa sababu alipokuwa kule alikuwa akiingia idarani kwa miguu yake na kuulizia anachotaka. Tatizo limekuja alipomaliza akarudi nyumbani.

Asiyewahi kupitia haya anadhani daktari anarudi na cheti, anakitia fremu, anavaa koti jeupe. Hebu msikilize mtu ambaye sebule yake imegeuka masijala. Hapa Kenya digrii ya nje hupelekwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, itambuliwe. Kisha kuna Baraza la Madaktari, KMPDC, ambalo humtahini aliyesoma ng'ambo kabla ya kumwachia aingie uanagenzini, na uanagenzi ni mwaka mzima hospitalini ndipo apate usajili kamili. Akitaka kwenda Saudia, ambako nusu ya mtaa wetu ina jamaa, kuna kampuni ya DataFlow ya kuhakiki vyeti na mtihani wa Prometric. Akitaka Uingereza kuna mtihani wa PLAB, sehemu ya pili unaifanyia Manchester, na Kiingereza cha IELTS alama 7.5 bila sehemu yoyote ya mtihani huo kushuka chini ya 7. Vyeti vyenyewe vinahakikiwa kupitia EPIC, mfumo wa ECFMG, shirika la Marekani linalohakiki madaktari waliosoma nje ya nchi hiyo. Wote hao, ukiwatazama vizuri, wana tabia moja: karatasi iliyo mkononi mwako haiwatoshi. Wanataka chuo chenyewe kiseme, "Ndiyo, huyu ni wetu, alisoma haya, alimaliza lini."

Basi chuo kiliulizwa. Chuo kikajibu haraka, sikilaumu. Kilijibu kwa anwani iliyo kwenye mfumo wake. Yaani majibu yalitua ofisini kwa wakala. Binti akiandika kwa barua pepe yake mwenyewe, idara ya wanafunzi wa nje inamwambia kwa adabu atumie anwani iliyosajiliwa. Akijaribu kubadilisha anwani, mfumo unatuma namba ya kuthibitisha kwenye simu. Simu ya nani? Ya wakala.

Ofisini nilikwenda mwenyewe. Simu walikuwa wameacha kupokea.

Niwakumbushe kwamba siku nilipolipa mara ya kwanza nililetewa sharubati ya ukwaju, nikavutiwa kiti chini ya AC, na meneja akasimama kunipa mkono: "Karibu, Baba Daktari!" Binti alikuwa hajapata hata viza. Safari hii nilisimama. Meneja alikuwa akila mahamri na mbaazi juu ya meza iliyojaa mafaili, na tui lilikuwa limeshadondokea jalada la pasipoti ya mtoto wa watu. Nililiona tone lenyewe, likitambaa kuelekea ile ngao ya dhahabu. Hakulifuta.

"Mzee, nikusaidie nini?"

Nikamwambia nataka namba ya siri ya barua pepe ya binti yangu.

"Hiyo ni akaunti ya kampuni, mzee."

"Ina jina lake."

"Jina lake, akaunti yetu." Akajipangusa vidole, kimoja baada ya kingine. "Lakini tunaweza kufuatilia. Kuna ada ya ufuatiliaji, dola mia tatu."

"Ufuatilie nini? Majibu yamo humo ndani. Fungua tusome sote."

Akacheka. Wallahi alicheka, akamtazama mwenzake wa meza ya pili kana kwamba nimesimulia kichekesho. Kisha akasema maneno ambayo nikiyakumbuka kifua kinanibana: "Mzee wangu, sisi kazi yetu ni kupeleka. Kurudisha si kazi yetu."

Mimi ni wakala wa forodha, nimezeekea makaratasi ya bandari ya Kilindini. Najua mtu akikalia hati ya mzigo wako, kontena linalala pale pale unaliona kwa macho, kila siku linakula ada, na huwezi kuligusa. Binti yangu alikaa nyumbani Tudor vivyo hivyo. Daktari kamili, akimpimia bibi yake presha jioni, akiwapanga wadogo zake foleni ya kuoga. Majirani wakaanza: "Mbona hajaanza kazi? Au hakumaliza?" Mombasa mnaijua. Swali kama hilo likishatoka barazani halirudi ndani tena.

Chuo sina ugomvi nacho, tena nakisifu. Kimo kwenye orodha ya Wizara ya Elimu ya China ya vyuo vilivyoruhusiwa kuwafundisha wageni udaktari kwa Kiingereza. Hilo mliulize mapema, kwa sababu kuna vyuo vinavyochanganya lugha na kukuambia "tutaona huko mbele." Hata kwenye chuo kizuri, darasani ni Kiingereza ila wodini mgonjwa anazungumza Kichina, na asiyejua kumuuliza "panauma wapi" atabaki kubeba faili. Binti alijifunza. Korona ilipomkuta likizoni Mombasa na China ikafunga mipaka Machi 2020, alisoma kwa simu mpaka walipoanza tena kutoa viza za wanafunzi Agosti 2022. Somo la saa mbili asubuhi kule kwao ni saa tisa za usiku huku. Ninaamka kwa sala ya alfajiri namkuta mezani na taa, anaandika. Aliporudi kule walihakikisha anafanya wodi zake zote, na hospitali ikampa barua ya kila idara aliyopita. Waliokuwa Ukraine mkumbuke yaliyowapata Februari 2022. Sisi tulikuwa na nafuu.

Na wakala, kwa haki yake, wakati huo wa korona alifanya kazi. Vitu vya binti vilibaki hosteli, wao ndio walioongea na mlinzi visitupwe. Hilo nalikubali. Nusu nyota labda. Halafu nikikumbuka lile tone la mbaazi nairudisha nusu yangu.

Jambo lililonikera zaidi, na hili halinihusu mimi, ni watoto wanaopelekwa wakiwa hawana sifa. Baraza la KMPDC linataka B ya jumla ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, na B katika masomo ya kundi: bayolojia, kemia, hisabati au fizikia, na lugha. Pale ofisini nimemsikia meneja kwa masikio yangu akimwambia mama mmoja wa Kisauni, "C plus si shida, mama, chuo kinamkubali." Kweli chuo kitamkubali. Chuo kinataka karo. Ni Baraza ndilo litakalomkataa, miaka sita baadaye, mama ameshauza kiwanja. Kwenye mambo ya Marekani nako wanapotosha vilevile. Walituambia "mwisho ulikuwa 2023, sasa bila ithibati ya WFME hakuna kwenda," wakituuzia chuo cha bei ya juu zaidi. Ukweli ni kwamba ECFMG walitangaza mwaka 2010 kwamba sharti hilo lingeanza 2023, wakalisogeza hadi 2024, halafu wakalilegeza: hali ya ithibati ya chuo inaonyeshwa tu kwenye ripoti ya daktari, haimfungii mlango. Tena WFME haithibitishi vyuo. Inatambua vyombo vinavyovithibitisha. Nimeyajua haya kwa kusoma usiku, macho yenyewe haya ya uzee, na yule bwana aliyelipwa kuyajua anakula mahamri.

Sasa mtauliza majibu tuliyapataje. Dola mia tatu sikutoa. Nilitoka pale nikitetemeka, nimeshika reli ya ngazi kwa kuwa lifti yao haifanyi kazi, nikasikia viatu nyuma yangu. Msichana wa mapokezi. Akanipa kipande cha risiti na kalamu, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, niandikie barua pepe yake hapa. Na awe karibu na simu baada ya magharibi." Sikuuliza. Baada ya magharibi simu ya binti ikalia, msichana akamsomea namba ya kuthibitisha, anwani ikabadilika, na barua za chuo zikaanza kumiminika, nyingine zimelala humo kitambo. Moja ilikuwa imekwisha muda, ikabidi iombwe upya. Nyota iliyoko hapo juu ni ya huyo msichana. Simtaji, wala msiende kumuulizia.

Yaliyofuata yalikwenda, si kwa kasi lakini yalikwenda. Mtihani wa Baraza amepita. Uanagenzi ni foleni nyingine, na tangu ule mgomo wa madaktari wa 2024, ambao chanzo chake kimoja kilikuwa hao hao wanagenzi na mishahara yao, hakuna anayekuambia tarehe ukaiamini. Hilo si la wakala, simbebeshi.

Nilikuwa nimeandika hapa, "Msiwatumie kabisa, wapelekeni watoto wenu Uganda au Tanzania, mabaraza ya Afrika Mashariki yanakagua vyuo pamoja na kutambuana." Nimefuta. Si kwamba ni uongo, ila kuna walio na watoto wao huko na wana malalamiko yao, na mimi siwezi kuhukumu nyumba nisiyolala. Halafu kwa viza, semeni mtakavyo, hawa jamaa ni hodari. Wenzake binti walioomba wenyewe walihangaika hadi muhula ukaanza bila wao. Kwa hiyo nawapa mbili? Hapana. Nimekumbuka kicheko. Moja, na nimeshasema ni ya nani.

Tena mpwa wangu wa Likoni ana A safi, anataka udaktari, na dada yangu ameshalipa amana pale pale bila kuniuliza, amevutwa na sharubati. Nimepiga kelele mpaka nimechoka. Jumatatu naenda na huyo mpwa. Amenunuliwa laini mpya, barua pepe tumefungua jana usiku mbele yangu, na namba ya siri ameiandika kwenye daftari lake la hesabu. Meneja akisema mfumo unataka anwani ya kampuni, tutamwomba amana irudishwe papo hapo, na nitakaa kwenye kile kiti cha chini ya AC mpaka niione.